Naomba msaada: lori kwenye picha ya babu ni la majaribio kweli?

Mjukuu wa Keya: Habari zenu wakuu. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), ameacha picha moja ya vitani: yeye na wenzake wameegemea lori ambalo sijaona mfano wake. Pua fupi kama imekatwa, usukani kulia, na kioo cha mbele kimelala kinyume, juu kimetokeza, chini kimerudi ndani. Ubavuni mwa boneti kuna herufi L na tarakimu zilizofifia. Nyumbani tunajua ni Abisinia (Ethiopia), 1941. Sasa kuna mtu mtandaoni anasema ni gari la majaribio, lilitengenezwa moja tu, na anataka nimuuzie picha yenyewe. Nimeisafisha kwa programu ya akili mnemba, namba inasomeka. Ni kweli? Niiuze?

Fundi Skana: Usiuze mkuu. Hiyo namba "iliyosomeka" usiitegemee, programu hizo hujaza tarakimu zenyewe pasipoonekana. Skani upya picha halisi, dpi 600 (kipimo cha ung'avu wa skani) au zaidi, mbele na nyuma.

Shoo na Boneti: Hilo ninalifahamu na nalipenda sana. Ni lori la Kanada, Ford au Chevrolet, la muundo wa kijeshi uliotengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Yalitoka zaidi ya 400,000, kwa hiyo la majaribio silo. Pua ni fupi kwa sababu injini imesogezwa kuelekea kwa dereva ili bodi ipate nafasi ya mzigo. Kioo kimelazwa vile kisimulike jua hadi ndege za adui zikaona. L ni lori. Magari madogo ya mzigo wa kilo 760 hivi kushuka chini yalipewa Z, na ya kuvuta mizinga H.

Ila hapo kwenye mwaka pana neno. Kebini yenye kioo hicho ni ya toleo namba 13, ilianza kutoka mwishoni mwa 1941. Za kabla yake, 11 na 12, vioo vyake vimesimama wima. Waitaliano, waliokuwa adui huko Abisinia, walisalimu amri mjini Gondar Novemba 1941, kwa hiyo hiyo si picha ya vita vile. Tazama madigadi, kuna alama yoyote?

Na magari ya majaribio kwa kawaida hupigwa picha peke yake, ubavuni, kwenye viwanja vya majaribio kama Farnborough kule Uingereza au Aberdeen kule Marekani. Hayaegemewi na askari wenye vumbi.

Mjukuu wa Keya: Nimeskani upya. Madigadi ya kushoto ina kichwa cha mnyama mwenye pembe puani! Sote tulidhani ni tope.

Shoo na Boneti: Kifaru! Hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Iliundwa 1943, ikafanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha 1944 ikawafukuza Wajapani bonde la Kabaw hadi Kalewa, huko Burma (Myanmar ya leo). Babu alifika mbali kuliko mlivyoambiwa. Waulize wazee kama aliwahi kutaja Bama, yaani Burma, au Ceylon.

Bibi Kumbukumbu: Mwanangu, hao wengine pichani nao wana wajukuu. Andika majina yao, kwa penseli laini nyuma ya picha, wakati wanaowajua wangali hai. Huyo mnunuzi mpe nakala.