Sato wanakufa na baridi Florida, besi wako fiti, kwa nini?

Msukuma_Tampa
Wakuu habari zenu. Niko Tampa mwaka wa tatu sasa, nyuma ya nyumba tunazopanga kuna kibwawa, wiki iliyopita baridi ilikaza siku nne mfululizo mpaka majani asubuhi yana barafu, jana naenda kuangalia nakuta sato wanaelea kibao, wakubwa kwa wadogo, wengine tumbo juu ila bado wanapumua. Imeniuma kweli maana nimekulia ziwani na hao samaki. Sasa besi wa mdomo mkubwa, wenyeji wa huku, wako mle mle na hajafa hata mmoja. Maji si ni yale yale? Na kama sato wanakufa hivi mbona hawamaliziki?

Dada_Matamvua
Pole kaka. Nimesomea ufugaji wa samaki ngoja nikueleze. Samaki hana joto lake mwenyewe, maji yakipoa naye anapoa. Sato anapenda nyuzi 27 mpaka 30, zikishuka kwenye 16 anaacha kula, zikifika 10 au 11 matamvua yanashindwa kushika chumvi ya mwili, inavuja taratibu kwenye maji mpaka anapoteza mwelekeo, ndo huko kugeuka tumbo juu. Na anayepona siku hiyo usimhesabu bado, kinga imeshuka, baada ya siku kadhaa ukungu kama pamba unamshika ngozini. Besi yeye majira ya kabla ya baridi yakianza tu mwili unajipanga, mafuta ya kwenye kuta za seli yanabadilika yasigande, anashuka kwenye kina, anatulia, kula anapunguza. Sato naye anajaribu hivyo hivyo ila uwezo wake una mwisho, na kibwawa chenye kina kifupi kinapoa haraka hana pa kukimbilia.

mzee_wa_mfereji
Hilo la kwa nini hawamaliziki nakujibu mimi wa Miami. Januari 2010 baridi ilikaa karibu wiki mbili, samaki wa kigeni walikufa wengi mno kwenye kinamasi cha Everglades, nilijua ndo basi tena. Lakini mifereji yetu imechimbwa ndani ya mwamba wa chokaa, maji ya ardhini yanaingia muda wote na yana joto kama nyuzi 24, anayewahi kule chini anapona na anazaa tena. Besi tausi wa Amerika Kusini, aliyeletwa na jimbo lenyewe 1984 ili awale tilapia wa madoa, ndugu yake sato, anaponea humo humo, chini ya nyuzi 15 hivi hawezi, ndo maana hajapanda kaskazini.

Kichuna_MD
Ila msiseme mgeni lazima afe jamani. Huku Maryland kuna samaki anaitwa kichwa-nyoka, alionekana Crofton 2002, asili yake China na Urusi, anakaa chini ya barafu majira yote ya baridi bila shida kwa sababu kwao ni hivyo hivyo. Muulize samaki katokea wapi, ugeni wenyewe hausemi kitu. Hata huyo besi wenu wa mdomo mkubwa alipelekwa Naivasha 1929 na akazoea.

Msukuma_Tampa
Asanteni sana, nimeelewa. Leo nimerudi pale, kuna bomba linaloingiza maji upande wa barabara, nimeona sato wadogo kama sita hivi wamejibana mdomoni mwa bomba hawatoki.