Kamera ya kipakatalishi cha shule inatupiga picha nyumbani

Wazazi wenzangu, wiki iliyopita mwalimu alimuuliza binti yangu, mbele ya darasa zima, kwa nini hufanya kazi ya ziada huku amempakata mtoto. Mtoto huyo ni kitindamimba wetu, na swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hajaona ndani ya nyumba yangu. Tunaishi Migosi, hapa Kisumu, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Meza ya sebuleni ndiyo ya kusomea, na kila atokaye bafuni na leso yake hupita mbele ya meza hiyo.

Nilipokwenda shuleni, naibu wa mwalimu mkuu hakukana. Alinieleza kwamba vipakatalishi hivyo, ambavyo tulivilipia wenyewe ndani ya karo, vina programu inayopiga picha kila baada ya muda ili ijulikane kama mwanafunzi anasoma, kisha akanitolea fomu niliyotia sahihi mwezi Januari. Fomu inasema tu kwamba kifaa kitafuatiliwa kwa ajili ya usalama. Kusaka kifaa kilichoibwa naelewa, lakini neno kamera halimo popote katika karatasi ile.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Huko Pennsylvania, Marekani, wilaya ya shule ya Lower Merion ilikubali mwaka 2010 kulipa dola 610,000 kwa sababu ya kamera kama hizi. Kwa picha iliyopigwa na kamera hiyo akiwa nyumbani, mwanafunzi mmoja alikuwa ameshukiwa kushika dawa za kulevya, naye akasema zilikuwa peremende.

Ushauri niliopewa nikiondoka ni kubandika plasta juu ya kamera, eti yaishe! Nimeandika barua kutaka kujua ni nani waliozitazama picha zetu na zimehifadhiwa wapi, na kutaka zifutwe nikishuhudia. Sijajibiwa. Kipakatalishi nimekifungia kabatini, binti anaandika kwa mkono, na jana alipewa sufuri kwa kutowasilisha kazi kwa mashine.

Jumatatu ninapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyachunguza. Mzazi ambaye mtoto wake ameulizwa swali la aina hii aniandikie kabla ya siku hiyo, tuyapeleke pamoja.