MREJESHO: mira yetu ya Debian Chake Chake imetulia

Asalam aleikum wakuu, niliuliza hapa kuhusu mira (nakala yetu ya hifadhi ya programu) ya Debian, ule mfumo wa Linux, ya maabara ya skuli yetu, vijana wakipiga apt update (kuchukua orodha mpya ya programu) au apt install (kuweka programu) mara hashi (alama za kuhakiki faili) hazilingani, mara faili halipo, darasa zima linakaa tu. Alhamdulillah imetulia.

Yule alosema tutazame mpangilio wa rsync (programu ya kunakili faili kutoka seva nyengine) ndo kapiga penyewe. Skripti tulorithi ilikuwa ikivuta kila kitu kwa mkupuo mmoja, sasa mtandao ukikatika katikati unakuta Release (faili lenye hashi za faharasa) ni ya leo na Packages (faharasa ya vifurushi) ya jana, ndo hashi zinagombana, au faharasa zote zishafika lakini vifurushi vyenyewe kwenye folda la pool bado, basi apt inaomba kitu ambacho mira haina.

Tumehamia ftpsync, skripti ya kuvuta mira ya Debian wenyewe. Inaleta pool kwanza bila kufuta chochote, raundi ya pili ndo inaleta dists (folda la faharasa), na vya zamani vinafutwa mwisho kabisa, kwa hiyo hata mtandao ukikata raundi ya kwanza wanafunzi wanaendelea na faharasa za jana na kila kitu kinapatikana. Pia inaweka kufuli, haianzi nyengine kabla ya hii kwisha.

Debian wanasasisha mara 4 kwa siku ila sie tunavuta usiku tu, kwa mtandao wetu inatosha sana. Diski tumeipunguzia mzigo kwa kubakisha vifurushi vya amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64) peke yake.

Alobanwa na hili huko Unguja aseme nimtumie konfigi yetu, na nyote mlojibu ahsanteni mno.