Mchango (msokoto wa tumbo) wa mtoto wa wiki 5: gripe water na mvuje

MkaziWaLangoni
Assalam alaikum. Mtoto ana wiki 5. Kila magharibi huanza kulia, akikunja miguu tumboni, hadi saa nne usiku. Ananyonya vizuri na uzito unapanda. Bibi yake ataka apewe kijiko cha gripe water, ile dawa ya maji ya tumbo la watoto, na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, uliorowekwa kwenye maziwa. Ndani ya dawa hizi mna nini hasa?

DawaMalindi
Waalaikum salaam. Gripe water ilitengenezwa na William Woodward, mfamasia wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851. Ndani mlikuwa na mafuta ya shibiti (mmea wa kiungo), bikaboneti ya sodiamu (magadi ya kupikia), sukari, maji, na alkoholi karibu asilimia 3.6. Shibiti ndiyo iliyopewa sifa, lakini utamu na ulevi ndivyo vilivyomtuliza mtoto. Uingereza waliitoa alkoholi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chupa nyingi za sasa hazina. Soma kibandiko hata hivyo.

Bila alkoholi pia simshauri mtu ampe mtoto wa umri huu. Tumbo likijaa maji matamu atanyonya kidogo, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua. Kijiko ambacho hakikuchemshwa huleta kuhara. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake.

Na tusidhani kila mtoto aliyenyamaza amepona. Marekani iliuzwa dawa ya kutuliza watoto, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, tangu 1849. Ndani mlikuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni, na wako watoto waliolala wasiamke tena. Poda za watoto wanaoota meno za Uingereza zilitiwa kalomeli, yaani chumvi ya zebaki yenye sumu, hadi 1954.

MkungaWaVisiwani
Mvuje usiingie kinywani kabisa, dadangu. Kwa mtoto mchanga unaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo ikageuka buluu. Bibi akipenda kuufunga kitambaani, uwekwe mbali na mikono na mdomo wa mtoto.

Mchango huanza wiki ya 2 au 3, hushika sana karibu na wiki ya 6, na huisha miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo mko karibu na kilele. Anza na titi: mdomo wake uwe wazi sana, ashike na weusi unaozunguka chuchu. Akishika chuchu tupu humeza hewa. Mwache amalize titi moja ndipo umhamishe.

Kisha mpandishe begani, tumbo lake likilalia bega, umsugue mgongo kutoka chini kwenda juu dakika 5 hadi 10. Asipopiga mbweu, mlaze kidogo halafu mwinue tena; mara nyingi hewa hutoka hapo. Wengi hukosea kwa kumpigapiga kwa nguvu, naye hutapika maziwa yote. Akiwa macho unaweza kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako na kutembea naye taratibu, taa ikiwa hafifu. Akilala usingizi, siku zote alazwe chali. Mikono ikichoka, mpe mtu mwingine au mweke kitandani pake utoke nje kidogo. Kumtikisa, hata mara moja, kunaweza kuumiza ubongo.

MkaziWaLangoni
Ahsanteni. Na ile dawa ya kuchua yenye kafuri, kumpaka kifuani?

DawaMalindi
La, si kabla ya miaka 2, na puani kamwe. Kafuri hupenya ngozi nyembamba na ikizidi huleta degedege. Mafuta ya nazi matupu yatosha: yapashe yawe vuguvugu, ujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, kisha umzungushie kitovu kwa kufuata mshale wa saa, akiwa hajashiba.

MkungaWaVisiwani
Mpelekeni hospitali ya King Fahd, Lamu, mara moja akiwa na joto la 38 au zaidi, akitapika kijani, akitoa kinyesi chenye damu, utosi ukivimba, akikataa titi, au akikojoa kidogo kuliko kawaida. Ninasema mara moja kwa sababu anayesoma haya akiwa Siyu au Pate, kisiwani, hutegemea maji kujaa ili mashua ipite mlangoni: aondoke kabla maji hayajakupwa, asingoje aone kama kilio kitapungua.