Kilo si uzito? Binti yangu kanigomea mbele ya wapagazi

Mkorosho wa Newala:
Wakuu, habari za jioni. Jana ghalani gunia langu la korosho lilisoma kilo 80. Nikasema, "Uzito huo!" Binti yangu wa kidato cha kwanza akadakia: "Baba, kilo si uzito, uzito unapimwa kwa nyutoni." Wapagazi wakacheka mpaka wakaweka magunia chini. Nani yuko sahihi?

Ticha Masasi:
Shikamoo mzee wangu. Binti yuko sahihi. Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo guniani. Uzito ni nguvu ya dunia kulivuta gunia hilo: 80 mara 9.8 (nyutoni ambazo dunia huvuta kila kilo), nyutoni 784. Ukilipeleka mwezini tungamo linabaki kilo 80, uzito unashuka hadi kama moja ya sita. Tungamo ni kipimo cha msingi, yaani hakiundwi kwa vipimo vingine, kama urefu (mita) na muda (sekunde); vipimo vya msingi viko 7 tu. Nyutoni imeundwa kwa kilo, mita na sekunde.

Mkorosho wa Newala:
Marahaba. Basi nidai malipo kwa nyutoni?

Mvuvi wa Mikindani:
Utalala ghalani, mzee! Mizani ya kuning'iniza inahisi mvuto, ila imeandikwa kilo. Na hekta ya shamba lako nayo ni ya kuundwa: mita za mraba 10,000.

Mkorosho wa Newala:
Haya. Nimemnunulia binti soda, ila nimemwambia asinisahihishe tena mbele ya wapagazi.