Mafundi umeme, nani aliwafundisha kufunga swichi kwenye nyutro?

Jamani, nina hasira na leo nitasema yote. Kampala na viunga vyake imejaa mafundi wanaofunga swichi na soketi kama vile ndani ya nyumba hakutaishi watu. Taa ikiwaka tu, kazi imekwisha. Anadai hela yake, anapanda boda, ukimpigia simu hapokei.

Mdogo wangu alipanda kiti kubadilisha balbu sebuleni. Swichi tumeizima, sote tunaamini umeme haupo. Kugusa holda tu, akarushwa hadi chini na mkono ukateguka. Tukamwita fundi mwingine, mzee mwenye kibali. Akaizima swichi ileile, akagusisha tesita kwenye holda: ikawaka! Waya wa moto, ule unaoleta umeme, umepelekwa moja kwa moja kwenye balbu, swichi inakata nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Kwa hiyo kila siku tulipokuwa tunazima taa, tulizima mwanga tu. Volti 240 zilibaki palepale juu. Ndiyo maana balbu za LED zilikuwa zinatoa mwanga hafifu usiku kucha hata tukizima. Tulipomuuliza fundi aliyefunga, alitujibu eti tumenunua balbu feki.

Mzee akafungua soketi ya jikoni, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Skrubu ya ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja, haijaguswa tangu itoke dukani. Waya wa kijani na njano umekatwa, ukakunjwa nyuma ya boksi. Moto umefungwa kushoto, nyutro kulia, wakati soketi zetu hizi za pini tatu, ukizitazama kwa mbele, moto unatakiwa uwe kulia. Mkisema kushoto na kulia ni mamoja, jiulizeni fyuzi ya plagi imekaa upande gani: ni upande wa moto. Ikigeuzwa hivyo, fyuzi inaungua, pasi inapoa, lakini ndani bado ina moto. Na ethi haipo! Pasi ya chuma hiyo, mama anaishika na mikono yenye maji.

Waya wenyewe ni wa milimita za mraba 1.5, ule mwembamba wa taa, badala ya 2.5. Tulimpa hela ya 2.5. Huo ni wizi, nauita kwa jina lake. Jiko la umeme na birika vikiwashwa pamoja, plastiki ya soketi inanuka.

Msiniambie "ukitaka rahisi utapata rahisi". Hatukulipa rahisi. Kugeuza waya mbili ziwe mahali pake hakuongezi hata shilingi moja, na tesita anayo mfukoni. Hakupima kwa sababu hajali.

Nanyi wenye nyumba za kupangisha, mnaficha nyaya chini ya plasta na kupaka rangi nzuri, halafu mpangaji akipigwa shoti mnamwambia avae ndala. Fungeni breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Ni haki ya mpangaji, msimfanyie kama hisani.

Kabla hamjamlipa fundi, mwambieni azime swichi na apime holda mbele yenu, kisha afungue soketi moja muione ethi kwa macho. Na kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda, akitoe kabla hajagusa ukuta.

Mimi huyu fundi aliyetufungia simwachi. Aliyewahi kumshtaki fundi akarudishiwa hela yake, aandike hapa alianzia ofisi gani na alipeleka ushahidi gani. Picha za soketi zote ninazo.