Beji ya walemavu katikati ya London

BintiTanga: Wakuu, Alhamisi nampeleka mama kwa daktari wa macho, Westminster. Goti limegoma kabisa, na kiti chake cha magurudumu kinajaza buti nzima. Huku Reading naweka Blue Badge yake, ile beji ya walemavu ya kuegeshea gari, na ile saa ya kadibodi ya kuonyesha tumefika saa ngapi kwenye dashibodi, napaki mstari wa njano, ambapo wengine hawaruhusiwi, masaa matatu bila presha. Na huko ni vilevile?

Kisauni_UK: Thubutu! Westminster, City of London, Kensington na Chelsea na sehemu ya Camden, mitaa ya katikati ya London, wana taratibu zao. Mstari wa njano pale beji haikuokoi, faini utaikuta kiooni. Tafuta nafasi yenye alama ya kiti cha magurudumu, na kibao ukisome hadi mwisho: nyingine ni za beji nyeupe ya Westminster yenyewe, si Blue Badge.

MzeeWaGongo: Na tozo ya msongamano, ile ya kuingiza gari katikati ya London? Mwenye beji anasamehewa, ila ajisajili kwanza TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Hapo wengi wanalizwa.

BintiTanga: Shikamoo mzee. Tunasajili kwa jina langu? Gari ni langu.

MzeeWaGongo: Marahaba. Kwa jina la mama, beji ni yake. Anaruhusiwa kuandikisha magari mawili, hata la jirani.